Namna ya Kutembea Kando ya Mto Katika Jiji Lisilo na Mto

Anza kwa kutowasikiliza wenyeji. Waambie watu wa Johannesburg kwamba Jumamosi hii unakwenda kutembea kando ya mto, nao watakujibu kwamba jiji lao halina mto. Mmoja atakushauri upande ndege uende Durban. Mwingine, mwenye huruma zaidi, atajitolea kukupeleka kwa gari. Washukuru wote wawili, kisha kanunue maji ya chupa na mkate.

Si kwamba wanadanganya. Mwaka 1886 dhahabu ilipatikana Langlaagte, na jiji likaota papo hapo juu ya dhahabu bila mtu kuuliza watu watakunywa nini. Hadi leo maji ya bomba yanatoka mto Vaal, mbali kusini, yakipandishwa mlimani kwa pampu, na tangu 1998 Vaal yenyewe huongezewa maji ya milima ya Lesotho yanayosafiri ndani ya mahandaki. Hakuna mashua inayoingia Johannesburg, wala bandari, wala daraja la kupigia picha za harusi.

Ila jiji hili limekaa juu ya mgongo wa nchi. Mvua inayonyesha upande wake wa kusini huenda Vaal, ikaingia mto Orange na kufika Atlantiki. Inayonyesha upande wa kaskazini huteremka kwa vijito hadi mto Jukskei, ikaingia Crocodile, kisha Limpopo, kisha Msumbiji na Bahari ya Hindi. Mtu wa Kilwa au Mombasa akisimama katika bonde moja la Johannesburg akatazama kijito chembamba kinachopita kati ya mawe, anatazama maji yanayokwenda kwao. Ana haki kabisa ya kuyafuata.

Kijito ninachokusudia ni Braamfontein Spruit. Ukisema "Spruit" tu, waendesha baiskeli wote wa Johannesburg wataelewa. Njia inayoandamana nacho ina takriban kilometa 25, kutoka vilima vya Melville, kupitia Emmarentia, Delta Park, Craighall Park, Parkmore na Bryanston, hadi kijito kinapoingia Jukskei upande wa gereza la Leeukop. Tembea ukielekea kaskazini, jinsi maji yanavyokwenda. Uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mapafu yaliyozoea hewa ya Dar es Salaam yatakudai kila mwinuko. Ukifuata maji utakuwa unateremka muda mwingi. Wenye miguu imara humaliza kwa siku moja. Mimi nakushauri uigawe siku mbili, kwa sababu kuna watu wa kusalimia.

Mahali pa kuanzia ni Melville Koppies. Hii ni hifadhi tangu 1959, na hufunguliwa kwa siku maalumu, hivyo ulizia kabla ya kutoka nyumbani. Usipite mbio. Mwaka 1963 mwanaakiolojia Revil Mason wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alifukua hapa tanuri la kuyeyushia chuma, lililojengwa na Waafrika karne kadhaa kabla ya mchimba dhahabu wa kwanza kufika. Inama uliangalie vizuri: shimo dogo la udongo uliookwa na moto ukawa mwekundu, na mahali palipoingizwa mifuo ya kupulizia hewa. Watoto wa shule waliofundishwa kwamba Johannesburg ilizaliwa 1886 wanapaswa kuletwa hapa kwanza. Watu walichagua mlima huu kwa sababu kuni zilikuwepo, mawe yenye chuma yalikuwepo, na chini yake maji yalikuwepo. Jiji lisilo na mto ndilo lililokuja baadaye.

Sasa vifaa. Kifaa cha kwanza ni watu. Usiende peke yako. Kuna vipande vya Spruit ambako watu huporwa simu na baiskeli, na aliyekuambia hakuna hatari hajawahi kutembea huko. Nendeni wanne au watano, mchana, simu mfukoni, na mmoja wenu awe mwenyeji. Kama huna mtu unayemjua, nenda Delta Park Jumamosi asubuhi: mbio za kwanza za parkrun za Afrika Kusini zilianzia hapo Novemba 2011, kilometa tano, bila kiingilio, na mkimaliza kukimbia utakuwa umepata wenzako wa kutembea nao. Kifaa cha pili ni viatu usivyovionea uchungu. Cha tatu ni saa.

Saa ni ya mvua. Kati ya Oktoba na Machi, asubuhi ya Johannesburg huwa safi kama shuka, na ifikapo alasiri mawingu meusi yanapanda, radi inapiga, na mvua ya mawe inaweza kufuata. Panga kuwa umetoka bondeni saa saba mchana. Radi ikikukuta njiani usijibanze chini ya mkaratusi mrefu, toka bondeni uingie jengo au gari. Na ukiona maji yamegeuka rangi ghafla na kuanza kuleta chupa na matawi, usisubiri kuona yataleta nini kingine. Panda juu. Mvua inaweza kuwa imenyesha juu huko Hillbrow huku wewe ukiwa kwenye jua Craighall. Lami, paa na saruji za jiji zima humwaga maji yake bondeni kwa wakati mmoja. Kijito ulichokiruka Agosti kwa hatua moja kinaweza kubeba gari Januari.

Usinywe maji ya Spruit, usinawe, na mbwa wako asiogelee, hata akikulilia. Sababu yake ni rahisi na kila mkazi angepaswa kuijua. Majitaka husafiri kwa kuteremka, kwa hiyo wahandisi walilaza mabomba makuu ya majitaka mabondeni, sambamba na vijito. Bomba likiziba kwa mafuta ya kupikia na matambara, au likipasuka kwa uzee, chemba inafurika, na iko hatua chache tu kutoka kwenye mkondo. Utaijua kwa pua kabla ya macho. Hapo fanya jambo ambalo wapitaji wengi hawafanyi: simama, piga picha ya chemba, andika jina la mtaa ulio karibu, upeleke taarifa kwa Johannesburg Water, uombe namba ya kumbukumbu. Wiki inayofuata uliza tena ukitumia namba hiyo hiyo. Kero inayoulizwa na watu ishirini hushughulikiwa mapema kuliko kero inayolalamikiwa kimoyomoyo na watu elfu.

Emmarentia utapafikia bila shida, fuata harufu ya nyama choma. Bwawa lililopo lilijengwa 1912 na Louw Geldenhuys katika shamba lake, likaitwa kwa jina la mkewe. Waliolichimba walikuwa Makaburu maskini waliopoteza mashamba katika vita vya 1899 hadi 1902. Siku hizi Jumapili utakuta familia za Kiislamu zimetandika mikeka na sufuria za biriani, wanafunzi wakipiga makasia, na maharusi wakigombea waridi la kusimama mbele yake. Ukikaribishwa kula, kula. Umebakiza kilometa nyingi.

Delta Park inataka muda wako zaidi kuliko Emmarentia, ingawa haina waridi. Jengo jeupe lililoko katikati, lenye mtindo wa ujenzi wa miaka ya 1930, lilikuwa mtambo wa kusafisha majitaka. Lilijengwa 1934, na katika miaka ya 1960 likafungwa kazi hiyo. Mahali palipopokea uchafu wa jiji pakawa kituo cha kufundishia watoto elimu ya mazingira, na madimbwi mawili yaliyo chini yake yakawa hifadhi ya ndege ya Florence Bloom. Ingia kwenye kibanda cha kuchungulia ndege, kaa kimya. Utaona kwera wa manjano akifuma kiota juu ya matete: anashika unyasi kwa mdomo, anaupitisha kwenye kitanzi, anauvuta, anatikisa kichwa kana kwamba haujamridhisha, anauchomoa na kuanza upya. Jike akija na kukikataa kiota, dume hukibomoa chote. Juu ya mikaratusi kwarara, ambao wenyeji huwaita hadeda, watapiga kelele ya kuamsha wafu. Nimewahi kusikia wakazi wakiomba ndege hao wafukuzwe. Mimi nataka waongezeke, kwani hadeda hula wadudu na minyoo iliyo kwenye udongo laini, na pale anapochimbua kwa mdomo kila asubuhi pana udongo ulio hai.

Mkiwa bado kibandani, mmoja wenu atauliza mto unaelekea wapi. Siku moja aliuliza rafiki yetu wa Lubumbashi, ambaye sasa anakaa mtaa wa Yeoville na kuongea Kiswahili siku nzima katika duka lake.

"Kaka, haya maji yanafikaga wapi?"

"Limpopo, halafu Msumbiji."

"Kumbe! Na hawa wenye manyumba hapa wanajuaga?"

Swali hilo libebe kichwani, maana kuanzia Craighall utatembea nyuma ya nyumba. Johannesburg inayoonekana barabarani ni kuta, mageti, kamera na nyaya za umeme. Kutoka Spruit unaiona kwa mgongo: kamba za nguo, mabwawa ya kuogelea, mbwa anayebweka kwa kutimiza wajibu, na chumba kidogo cha uani anamolala dada wa kazi. Kati ya uzio na maji kuna ukanda wa majani ambao hauna mwenye nyumba, na hapo ndipo njia yako ilipo. Upo kwa sababu ya mafuriko. Sheria ya Maji ya Afrika Kusini ya 1998 inataka ramani ya kila mtaa mpya ionyeshe mstari ambao maji yatafika katika furiko la aina inayokuja kwa wastani mara moja katika miaka mia, na hata kabla yake mpimaji mwenye akili hakuthubutu kuuza kiwanja kinachooga kila Januari. Bustani yote hii ndefu, inayopita katika mitaa ya bei ghali kuliko mingi barani, imelindwa na hofu ya maji. Wapo waliosogeza uzio hadi ukingoni. Ukikuta njia imekatika namna hiyo, vuka upande wa pili, na andika mahali hapo pia.

Mara nyingine itakubidi upande barabarani, nako utakutana na geti na mlinzi. Sheria ya Gauteng ya 1998 inawaruhusu wakazi kuomba kizuizi cha barabara kwa ajili ya usalama, lakini barabara hubaki ya umma na mtembea kwa miguu ana haki ya kupita. Msalimie mlinzi kwanza, "Sawubona, baba," maana amesimama hapo tangu alfajiri na wengi humpita wakitazama simu. Akikuuliza unakwenda wapi, mwambie unafuata mto kwenda Msumbiji. Atacheka, na pengine atakuelekeza mahali pa kushukia bondeni tena, kwani walinzi wanazijua njia za miguu kuliko wenye nyumba.

Salamu ndiyo pasi yako huku, na sitanii kutumia neno hilo. Kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950, mitaa hii iliwekwa kwa ajili ya weupe. Mwafrika aliyeonekana kando ya kijito hiki alipaswa kuwa na karatasi ya kueleza anamfanyia nani kazi, na usiku alihitaji ruhusa nyingine. Sheria za pasi zilifutwa 1986. Akina mama waliokamatwa wakiwa wasichana kwa kukosa karatasi hiyo bado wako hai, na baadhi yao utawakuta wamekaa kwenye nyasi saa ya chakula cha mchana, viatu wamevua, wakila amagwinya, yale maandazi yasiyo na iliki. "Dumela, mme." Subiri uitikiwe ndipo uendelee.

Jumapili utaona mduara wa watu waliovaa kanzu nyeupe chini ya miti. Hao ni waumini wa makanisa ya Kimitume na ya Kizayuni. Viatu vyao vimepangwa nje ya mduara, vya wazee mbele na vya watoto vimepandana. Huo ni msikiti na hekalu na kanisa kwa siku ile, kwa hiyo zunguka kwa mbali, vua kofia, usipige picha. Katikati ya juma utakutana na vijana wanaokokota magunia makubwa juu ya vitoroli, wakipanga chupa, makopo na makaratasi kwenye nyasi kabla ya kwenda kuyauza. Wengine huwanyooshea kidole kwamba wanachafua mto. Tazama vizuri. Wanachokibeba ndicho kile ambacho mitaa ya juu ilikitupa bila kukitenganisha, na bila mikono yao kingekuwa kinaelekea Limpopo. "Heita, bhuti," kisha mpishe, mzigo wake ni mzito kuliko begi lako. Waendesha baiskeli nao wapishe, kaa kushoto, na ukisikia breki nyuma yako usirukeruke huku na huku.

Mwisho wa njia, kijito kinaingia Jukskei. Usipige picha za gereza. Kaa chini, kula mkate wako, utazame jinsi maji mawili yanavyokutana, kwa sababu yale unayoyaona yakitoka upande wa pili yamepita mahali ambapo hapana njia ya matembezi. Jukskei huanza chini ya jiji lenyewe, karibu na uwanja wa Ellis Park, ikiwa imefungiwa ndani ya makalavati. Ikitoka hapo inashuka mashariki na kupita Alexandra, mtaa uliotangazwa rasmi 1912, mmoja wa mitaa michache ambako Waafrika waliweza kumiliki ardhi. Kando ya mto pale kuna Stjwetla, ambako watu wamejenga vibanda vya mabati hadi ukingoni. Ni tambarare ya mafuriko kama ile uliyoitembea. Craighall maji yakipanda yanakuta majani, Stjwetla yanakuta kitanda cha mtoto. Tarehe 9 Novemba 2016 mafuriko yalibeba watu na nyumba. Tarehe 3 Desemba 2022 maji yalikuja ghafla wakati waumini wakiwa mtoni kwa ibada, na zaidi ya watu kumi wakafa. Hawakuwa wajinga. Walikwenda mtoni kwa imani, mvua ilinyesha juu, na hakuna king'ora kilicholia.

Nasema hivi kwa sababu mtu anaweza kumaliza kilometa 25 za Spruit akarudi nyumbani ameridhika, akidhani ameuona mto wa Johannesburg. Ameuona upande mmoja. Mstari wa miaka mia unapaswa kumlinda mtu wa Alexandra kama ulivyolinda nyasi za Bryanston, na kumlinda kunamaanisha nyumba mahali pakavu, karibu na kazi yake, kabla ya mvua ya Novemba. Mji wetu wowote unaweza kujipima hapo. Dar es Salaam ina mto Msimbazi, Nairobi ina mto Mathare, na katika yote miwili tumezoea kuhesabu maiti kila masika, kisha kuwalaumu waliojenga bondeni bila kuwauliza wangejenga wapi.

Yanayobebwa na maji yale utayakuta chini zaidi, katika bwawa la Hartbeespoort. Mbolea ya majitaka ya jiji imelisha pale gugu maji, lile lile lililowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria, na wataalamu wanapambana nalo kwa kuachia wadudu wanaolila, kama ilivyofanyika kwetu miaka ya 1990. Mdudu anafanya kazi yake. Lakini anafanya kazi mwishoni mwa bomba, na chemba bado inafurika mwanzoni.

Kwa hiyo mwongozo huu una siku ya tatu, na ndiyo ninayokuomba usiiache. Nenda Lorentzville, kwenye karakana za Victoria Yards, mahali Jukskei inapotoka chini ya jiji na kuona jua kwa mara ya kwanza. Shirika la Water for the Future linafanya kazi hapo ya kung'oa mimea vamizi na kupanda ya asili kingoni. Ukiwa upande wa Alexandra, watafute Alexandra Water Warriors, wakazi wanaoingia wenyewe mtoni kuzoa taka. Panda kombi kwa ishara ya kidole kinachoelekea juu, shuka mjini, uliza njia ukiwa na mwenyeji wako, na ufike mapema kabla jua halijakuwa kali. Usivae viatu vyako vya Spruit, vaa gambuti. Glovu ziwe nene, kwa sababu kuna vioo, na uje na jozi ya pili kwa ajili ya yule atakayekuja bila.